Mama Albina, Uliyetupigia Makofi Kutoka Chumbani

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ya Juni ulipotuacha, ulezi ukiwa bado haujapurwa na upepo ukitikisa mabati ya nyumba yetu ya Izia, Sumbawanga. Shamba tumelivuna. Tulivuna vibaya, kila mtu akimwambia mwenzake, "Mama asingefanya hivi."

Tunakukumbuka na kanga zako mbili, na juu yake sweta la Baba, tangu Mei hadi Agosti. Tunakukumbuka ukimenya mhindi wa kuchoma na kumpa mtoto aliye karibu mstari wa kwanza, awe wako au wa jirani. Hukumwita mtu kwa kifupi. Fele hukumjua, ulimjua mwanao Felisiani. Na ulimwita kutoka ng'ambo ya shamba mpaka ng'ombe wanageuka.

Hatujasahau mwaka 2009 pale Chala, mnunuzi alipotaka kila gunia la mahindi liongezewe kilemba juu, lumbesa isiyolipwa. Wanaume sita walisimama pale wanaangalia viatu vyao. Majina yao tunayo. Wewe ukaushika mdomo wa gunia kwa mikono yote miwili.

"Gunia linaishia hapa, baba. Cha juu ya hapa kamwombe mama yako akupikie."

Watu walicheka, na magunia yakafungwa usawa siku ile. Ukali tulio nao sisi wanao tuliunyonya kwako.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Tukaambiwa mafua. Tukaambiwa vumbi la kupepeta. Tukaambiwa tezi. Miezi minane ya dawa za kikohozi, na hatujasamehe hata mwezi mmoja. Lami imefika, minara ya simu imefika, lakini wewe uliyeilisha nchi hii mahindi miaka arobaini, mtu wa kukumulika koo ulimfuata Dar es Salaam, umekaa kwenye kiti cha basi, shingo imevimba.

Hayo ni ya wengine. Sasa ya kwetu.

Daktari alituita pembeni, sisi wanao na Baba, akatutajia ugonjwa. Tukakubaliana palepale kwenye korido kwamba usijue. Kwetu ndivyo tunavyopenda wagonjwa wetu, tunawakinga na jina. Tukakuambia ni kidonda cha koo.

Dripu zilitakiwa sita. Baada ya ile ya pili nywele zilikwisha, mate yakawa gundi, uji ukapita kama misumari. Ukatikisa kichwa. "Kidonda gani hiki," ulinong'ona, "dawa yake inaua kuliko chenyewe?" Ya tatu hukuitaka. Ukalala umegeukia ukuta, na sisi tuliokuficha hatukuwa na neno la kukuinua, maana neno lenyewe ndilo tulilolifungia. Siku ya safari ya Dar kwa dripu hiyo ilikuwa imebaki wiki moja. Tuliambiwa ikipita, ugonjwa hautangoja.

Ndipo akaja Bi Kulsumu, mjane mwenye duka la vitambaa mjini. Mlikutana Dar kwenye foleni ya kupima damu, naye alikuwa na koo kama lako. Alisimama getini na chupa ya chai mkononi, mtandio umezungushwa shingoni. Sauti yake ilikuwa kama msasa juu ya ubao.

"Hodi. Nimekuja kumwona mwenzangu."

"Shikamoo mama," alisema Felisiani. "Amelala. Daktari kasema asisumbuliwe."

Hapo tukasikia makofi. Polepole, viganja vimekunjwa, yale ya kumpokea mgeni wa heshima kama bibi zetu walivyotufundisha. Yalitoka chumbani kwako. Sauti huna, lakini mgeni wako hakuondoka bila salamu.

Bi Kulsumu akamtazama Felisiani. "Mgonjwa wenu anapiga makofi usingizini?"

Akapita. Akaketi kitandani pako, akafungua mtandio akakuonyesha shingo yake iliyoungua kwa mionzi, nyeusi kama sufuria. Akasema, "Albina, tuna saratani mimi na wewe. Mimi nimemaliza dripu sita. Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Baada ya hiyo utaanza kumeza. Haya, inamisha kidevu, onja."

Ukainamisha kidevu. Ukameza uji wa ulezi aliouleta kwenye ile chupa, vijiko vinne.

Na sisi tukafanya nini? Tukamfukuza. Felisiani, anayepiga kelele kila mkutano wa kata kwamba viongozi wanawaficha wananchi ukweli, alimshika Bi Kulsumu mkono akamtoa nje, akamwambia amekuja kukuua kwa mdomo. Mkono unaoandika tangazo hili ndio huo.

Ulichukua ndala zako, ukamfuata barabarani.

Siku mbili ulikaa kwake. Wapo ndugu waliosema umebadilishwa dini. Siku ya tatu ulirudi kwa miguu yako, ukachana karatasi ya kalenda, ukaandika nyuma yake: "Mlijua?" Ukampa Jenifa, Jenifa akampa Benjamini, Benjamini akampa Baba. Baba peke yake ndiye aliyekujibu. "Tulijua, Albina. Wote." Ukaichukua karatasi, ukaandika tena: "Jumatatu nasafiri. Kulsumu ananisindikiza."

Ukaenda. Ya tatu, ya nne, mpaka ya sita. Ukarudi na nywele kama za kifaranga.

Wala hukutuadhibu, Mama, ila kwa kutuburuta kila Alhamisi kwenye stoo ya duka la Bi Kulsumu, tukawaone watu wako. Walikuwa watano, wakawa tisa. Mlikaa juu ya majora ya vitambaa, kila mmoja na kikombe chake na kopo lake la kutemea, hakuna aliyeona haya. Mlifundishana kumeza. Mlikaguana shingo. Mzee Urbano wa Namanyere alinong'ona siku moja, "Hiki ndicho kijiwe pekee Sumbawanga kisicho na umbea. Hakuna mwenye sauti."

Ukachukua kalamu: "Umbea upo. Unaandikwa." Bi Kulsumu alicheka mpaka akashika koo.

Ukaanza kwenda majumbani kwa wagonjwa waliofichwa kama wewe. Chala, kwa mzee Ngeleja, watoto wake walikwambia baba yao kasafiri. Uliketi kizingitini asubuhi mpaka saa nane mchana, unachambua maharage yao, mpaka wakaona aibu wakafungua. Mzee Ngeleja leo anakula ugali. Laini, lakini ugali.

Mwaka mmoja na miezi minne ulituongezea. Kisha ugonjwa uliporudi, ulituita wote ukatuambia mwenyewe, jina na yote, kabla daktari hajatuambia. Ukatufariji wewe.

Rasimu ya tangazo hili tulimpelekea Bi Kulsumu aisome. Tulikuwa tumeandika "baada ya kuugua kwa muda mrefu", kama wanavyoandika watu wote. Akaomba kalamu, akaukata mstari ule.

Kwa hiyo isomeke hivi: Mama yetu Albina alifariki kwa saratani ya koo. Aliijua, akapigana nayo akiijua.

Misa itasomwa Jumamosi hii asubuhi, kisha tutakula nyumbani Izia. Uji utakuwepo kwa wenye makoo. Mwenye mgonjwa ndani, aje naye.

Wanaokukumbuka ni mumeo Gaudensi, wanao Felisiani, Jenifa na Benjamini, wajukuu, ndugu wa Chala, wenzako wa Alhamisi, na dada yako Kulsumu.

Hatutakusahau, Mama, siku zote tutakazopewa.