Kipande Chenye Namba Saba

Msamvu, Morogoro
Jumatano

Mdogo wangu Abeid,

Marahaba, ingawa shikamoo yako sijaisikia tangu uhamie Gairo. Hujambo? Shemeji Mwanaidi na mtoto hawajambo? Mimi mwili mzima. Mama yuko Mkuyuni, goti linamsumbua, ila mdomo mzima kabisa. Kila siku ananiuliza wewe unakula nini huko. Kwa kuwa simu zangu hupokei, barua hii nimempa dereva wa lori la karanga.

Jumamosi kuna mashindano ya magari, barabara ya Matombo. Jonathan anaendesha lile gari lake la bluu, na kizimba cha mabomba cha kumkinga likipinduka nilipewa mimi nikichomelee. Watu wakanipongeza. Nilidhani nitafurahi.

Abeid, nilikuonea wivu, tena wivu mchafu. Mimi ndiye niliyekushikisha mashine ya kuchomelea, wakati hata kuvaa miwani ulikuwa hujui. Halafu wateja wakawa wanakuja kumuulizia yule mdogo. Jonathan akasema mbele yangu kwamba mshono wako umenyooka kama wa cherehani, na wangu unafaa mageti. Mageti! Hata Mama akatundika sebuleni picha yako umevaa helmeti ya Jonathan. Mimi nimo pembeni, nimekatwa sikio. Nikienda Mkuyuni nilikuwa naipa mgongo.

Unakumbuka sharti la wakaguzi wa mashindano: kabla fundi hajagusa gari, alete kipande cha bomba alichounga, kikandamizwe kwenye mashine, kikipasuka, kazi hapati. Tulichomelea vyetu asubuhi ileile, kwa bomba lilelile. Ukaniachia brashi niandike namba kwa kuwa mimi ndiye kaka, ukaenda kunawa. Chako saba, changu nane. Saba kikapasuka kwenye mshono, watu wakaguna, ukaokota miwani yako ukaondoka bila kuaga. Nane hakikupata hata ufa.

Namba niliziandika kinyume, Abeid. Kilichopasuka ni changu.

Jana Jonathan alikaa ndani ya gari, akakigonga kizimba kwa ngumi, akaniambia kwamba kwa kuwa fundi wake amefaulu, safari hii hatapunguza mwendo kwenye kona za mlimani. Alipotoka nikawasha grainda nikakikata kizimba chote. Leo nimewaeleza wakaguzi, nikamweleza na yeye. Hakunitukana. Aliuliza tu kama utakuja.

Wivu haujaisha, nisikudanganye. Nikiwaza utakavyosifiwa Jumamosi, natamani kukupa mgongo kama ile picha. Lakini mabomba mapya yapo hapa, na mashine ya wakaguzi inakungoja kesho kutwa asubuhi. Njoo. Namba utaandika mwenyewe.

Nisalimie shemeji, mbusu mtoto.

Kaka yako, kama bado unaniita hivyo,
Hatibu