Majivu ya Kiwandani kwenye Njahi ya Mama

Membley,
Ruiru.
14 Juni 2025

Mpendwa dada Ngendo,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini kidonda cha upasuaji kinafunga vizuri na kwamba shemeji Ndegwa anaamka kukusaidia na mtoto. Sisi tuko. Baridi ya Juni imeingia, na mke wangu Becky ana kikohozi kidogo tu.

Nilipokupigia simu nilikuambia mambo mawili: usile tena ile njahi, maharagwe meusi aliyokutumia Mama, na mtoto apimwe damu. Uliuliza sababu, nami sikuwa na hakika. Sasa ninayo. Emmah, aliyekuletea ile njahi, anasafiri tena kesho kuja huko, atakuletea barua hii.

Ilianza na ng'ombe. Alianza kuzunguka zizini na kusukuma ukuta kwa kichwa, kisha akawa haoni. Kimeu, daktari wa mifugo, aliitazama ile nyasi ya nepia aliyokuwa akilishwa, akauliza inakatwa wapi. Mama akamwonyesha ukuta wa kiwanda. Unapakumbuka palipokuwa na mibuni, kando ya shamba letu la Theta? Siku hizi kuna tanuri la kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi. Moshi wake unashukia kwetu.

"Mama, hii nyasi ina sumu."

"Sumu, na vile iko kijani? Daktari, wewe umetoka Machakos juzi. Nepia utaijulia wapi?"

Ng'ombe akafa Jumatano moja mwezi uliopita. Watu wa bucha walikuwa wamefika na kamba zao. Kimeu akawafukuza, tukamzika.

Nilipeleka udongo na njahi kwenye maabara. Udongo wa penye nepia ulikuwa mbaya, kama nilivyotarajia. Ule wa penye njahi ulikuwa mbaya zaidi, na njahi yenyewe ina risasi, ingawa ni mbali na ukuta. Hapo sikuelewa. Nikamuuliza Mama kama kuna kitu alimwaga pale.

Ni majivu. Unajua tunavyonyunyizia mboga majivu ya jikoni ili wadudu wasizile. Lakini Mama siku hizi anapikia gesi, majivu hana. Byron, mlinzi wa kiwanda, akawa anamletea ya tanuri kwa wilibaro, naye Mama anampa maziwa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Byron mwenyewe alipeleka mengine kwao. Mama aliinyunyizia njahi mstari kwa mstari, na baada ya kila mvua akarudia, kwa sababu ilikuwa ya mzazi, chakula cha kumwongezea maziwa aliyejifungua.

"Hiyo ndiyo nilitunza kuliko zote," aliniambia.

Madini haya hayaishi kwa kuchemshwa. Yanaingia kwenye damu, yanapita kwenye maziwa ya mama, na yanaumiza ubongo wa mtoto. Sikuandikii ili kukutisha. Ulisema umeipika mara mbili tu, basi huenda ni kidogo. Mweleze daktari yote bila kuona haya. Njahi iliyobaki usimpe jirani yeyote.

Kiwandani nilipewa chai na nikaambiwa moshi wao hauna tatizo. Wakaguzi walisema watakuja. Nimeandika habari kama hizi miaka mingi, Ngendo, na chai huwa ni ile ile. Hii pia nimeiandika. Mhariri ameipunguza, itatoka wiki ijayo. Nepia tumeacha kuikata. Shamba sijui tutalifanya nini. Hakuna wa kuuziwa udongo huo kwa haki.

Mama mwenyewe amepimwa, na kiwango chake kiko juu. Jumatatu anaanza matibabu Thika. Alisikiliza majibu akiwa ameshika mkoba, kisha akauliza habari za Wamboi mdogo. Binti wa kwanza, Nyokabi, mlimpa jina la mama yake Ndegwa, kama mila inavyotaka, na huyu mchanga mkampa la Mama, Wamboi. Tangu siku hiyo Mama anatembea kanisani akisema amezaliwa tena ng'ambo na hajui hata kuketi.

"Nilikuwa najitumia chakula mimi mwenyewe," alisema tukirudi nyumbani. "Muriithi, mtu anaweza kujilisha sumu?"

Nikaendelea kuendesha gari.

Njahi iliyo kwenye mzigo huu imenunuliwa sokoni Thika. Niliipima pia, ni safi. Mama ameichagua punje moja moja na hataki ujue si yake. Ipike na ule ushibe.

Tusalimie Ndegwa na Nyokabi. Becky anakusalimu, na Kimeu pia anauliza habari za mtoto. Mungu awafunike huko mliko.

Majibu ya mtoto yakitoka, usinipigie mimi kwanza. Mpigie Mama. Anasema ni damu yake inayosomwa.

Ni mimi kaka yako, mwenye kukupenda,
Muriithi