Lenzi Iliyosuguliwa kwa Majivu

Jumatatu, 18 Januari 1971

Kama bahati ingekuwa mtu, ingelala kwangu na kuamkia kwangu. Leo kabla ya adhuhuri nimepiga maharusi wawili, mwalimu mmoja na mbuzi mmoja. Mbuzi kashinda kwenye maonyesho, mwenyewe akataka apigwe picha kwa heshima zake. Nani mwingine hapa Msambweni anaitwa mpaka na mbuzi?

Yote ni kamera hii. Mjerumani alinipa Agosti iliyopita, nilipokuwa nikihudumia mezani hotelini kule Diani. Mnene, mcheshi, alipenda maneno yangu. Siku ya kuondoka akanivisha shingoni mwenyewe. Wako waliokaa hoteli ile miaka kumi hawajapewa hata kalamu. Mimi wiki mbili, kamera. Nikaacha kazi, nikafungua chumba changu hapa karibu na soko.

Nimefika Aden, Karachi na Bombay nikimenya viazi melini. Kote huko sijaona lenzi kama hii. Ukiitazama kwa ubavu ina rangi ya zambarau. Jicho la kifalme.

Jumatano, 20 Januari

Salimu amekuja. Tulifanya kazi hoteli moja, yeye akisafisha vyumba. Walimfukuza Agosti hiyohiyo. Kamera ya mgeni ilipotea, na mwenye ufunguo wa chumba alikuwa yeye. Basi. Sasa anakata miwa Ramisi. Viganja vyake vimekuwa gome.

Hoteli mpya itafunguliwa Diani. Wanaajiri Jumanne baada ya Idi, tarehe tisa. Anatakiwa apeleke picha mbili ndogo na barua ya hoteli ya zamani kwamba ni mtu mwema. Nimempiga bure. Mimi si mtu wa kumtoza Salimu.

Nilimsimamisha nje, mbele ya shuka jeupe. Akawa anatazama lenzi badala ya kutulia.

"Hata ile ya mgeni ilikuwa na jicho la biringani hivi," akasema. "Nilikuwa nikiipangusa kila asubuhi."

Nikamwambia za Ujerumani zote zimezaliwa na biringani, funga mdomo nikupige. Akacheka. Mimi pia nikacheka.

Alhamisi, 21 Januari

Nimeisafisha lenzi. Ile zambarau nimegundua ni kuvu. Hewa ya chumvi hapa inaotesha kuvu hata kwenye sabuni. Nilichukua majivu ya vifuu, nikayachunga kwa kitambaa, nikayalowesha kwa ndimu, nikasugua. Ndivyo bibi alivyokuwa aking'arisha dele lake la kahawa. Kwanza haikutaka. Nikaongeza majivu. Baada ya saa nzima ikawa nyeupe kabisa, kama gilasi ya maji.

Mwanaidi mke wangu akasimama mlangoni. "Kamera nayo siku hizi inaoshwa kama sufuria?"

Nikamwambia hajui mambo ya ufundi.

Jumatatu, 25 Januari

Sielewi.

Jana nilisafisha filamu. Picha zote za Ijumaa na Jumamosi zina ukungu. Weusi haukuwa mweusi, umekuwa kijivu, kama uliomwagiwa maji ya mchele. Nyingine zina madoa ya mwanga yenye pembe sita, yamepangana mstari kuanzia jua hadi kwenye paji la uso wa mtu. Mke wa karani ana doa moja puani. Atanichinja.

Nimebadilisha dawa. Nimebadilisha maji. Nimeziba kwa gunia kila ufa wa chumba cha giza. Yaleyale.

Ya Salimu ilikuwa mwanzoni mwa filamu, kabla sijasugua. Nikashukuru. Kumbe hasi yake, kile kipande cha filamu, niliiacha dirishani na jua likaikunja. Nikamwita arudi, nikampiga tena pale pale kwenye shuka. Uso wake umeingia wingu. Unaona masikio na kola. Hapo kati ni ukungu.

Jumatano, 27 Januari

Nilikwenda Mombasa kwa Fundi Jivani. Ni mzee, anakata vioo vya miwani na kutengeneza kamera. Shikamoo, marahaba. Akaiweka lenzi chini ya taa, akaikagua kama daktari.

"Baba, ulisugua kwa kitu gani?"

"Majivu na ndimu, Fundi."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akauliza kama nyumbani nasugua meno kwa msasa.

Sasa naandika alivyonieleza, labda nikiandika nitaelewa. Ile zambarau si kuvu wala rangi. Ni utando uliopakwa kiwandani, mwembamba kiasi kwamba unywele mmoja ukiulaza pembeni utakuwa kama gogo la mnazi. Kioo kitupu hurudisha mwanga kidogo. Lenzi ina vioo kadhaa ndani, kila kimoja kinarudisha, mwanga unarukaruka humo kama mbuzi kwenye boma, ndiyo ukungu wangu huo. Wakipaka ule utando, mwanga unarudi mara mbili: sehemu kutoka juu ya utando, sehemu kutoka chini yake. Mwanga ni mawimbi. Utando umepimwa ili wimbi la chini lichelewe kidogo tu. Hili likiwa linapanda, lile linashuka. Yakikutana yanafutana.

Nikamwambia, Fundi, mwanga juu ya mwanga ni mwanga zaidi. Nyumbani nikiwasha taa mbili sipati giza.

Akasema taa zako mbili hazikubaliani kitu, kila moja inapiga ngoma yake. Hizi zimetoka kwenye mwanga mmoja, hatua zake zinajulikana. Akaleta karai la maji, akapiga vidole viwili kwa mpigo mmoja. Viduara vikaenea, vikapitana. Akanionyesha mahali maji yalipotulia katikati ya mawimbi. Yalitulia kweli. Pembeni yanacheza, hapo hayachezi.

Na zambarau je? Kijani, alisema, ndicho kinachofutika hasa, maana utando umepimwa kwa kijani. Vinavyobaki kurudi ni nyekundu kidogo na buluu kidogo. Ukivichanganya, biringani.

Halafu akaweka kioo juu ya kioo chini ya taa ya manjano. Vikatokea vipete, cheusi, cha manjano, cheusi, cha manjano. Akavihesabu. Hivyo ndivyo wanavyojua siku hizi kama kioo kimenyooka, alisema. Kipete kikipinda, kioo kina kilima. Kilima ambacho hata kidole cha mtoto mchanga hakikihisi.

Na mikwaruzo yangu ni dhambi ya pili. Mwanga ukipita kwenye ukingo mwembamba unapinda na kutawanyika. Majivu yamenichorea kingo elfu.

Nikauliza dawa. Akasema hapa hakuna wa kuupaka tena. Nipige mwanga ukiwa mgongoni kwangu, nitie kivuli juu ya lenzi kwa mkono au kofia.

Nilitaka kujua jambo moja tu. Huo mwanga uliofutwa umekwenda wapi? Akasema haukufa, umeingia ndani kwenye filamu. Kinachokosekana huku kimezidi kule. Nimelitafuna neno hilo mpaka kivukoni Likoni. Bado liko mdomoni.

Ijumaa, 29 Januari

Mvua kidogo asubuhi. Mbele ya duka la mafuta kulikuwa na dimbwi lenye rangi, nyekundu, kijani, buluu. Mafuta hayana rangi hizo, na maji hayana. Nimelipita maisha yangu yote. Leo nilichuchumaa hapo hadi watu wakaniuliza nimedondosha nini.

Nyumbani nikatazama taa ya karabai kupitia ushungi wa Mwanaidi. Taa moja, lakini nje yake kuna taa ndogondogo zimejipanga msalaba, zina rangi pembezoni. Nikaukunjua ushungi, zikasogea. Mwanaidi akaninyang'anya. Akasema mume anayechungulia taa kupitia nguo ya mkewe si wa kuachiwa mlango wazi.

Kichwa kinauma. Ningemaliza shule labda ningelala.

Jumapili, 31 Januari

Salimu kaja kuchukua picha. Nikamwambia filamu ilikuwa mbovu. Uongo mdogo. Nikampiga tena, nimelipa jua mgongo, kofia juu ya lenzi kama Fundi alivyosema. Safari hii nadhani sawa.

Akakaa kwenye benchi, hana haraka. Mambo ya barua yamekwama. Alikwenda kwa meneja wa hoteli ya zamani. Meneja akafungua daftari la malalamiko, akamwonyesha. Kamera bado imeandikwa imepotea, na jina lake liko pembeni. Bila kamera, barua hakuna. Na hoteli mpya bila barua hawamwiti hata ndani.

Mkewe amerudi kwao Kinango na watoto. Mkwewe kasema hakumwozesha binti yake kwa mwizi.

"Hamisi ndugu yangu," akasema, "mimi hata nikiota, naota natafuta kamera ile chini ya vitanda. Nainua godoro, nainua lingine."

Kamera ilikuwa mezani kati yetu. Nilikuwa nimeifunika kwa gazeti. Sijui kwa nini niliifunika.

Nikamwambia Mungu yupo. Akasema ndiyo, yupo. Akaenda zake kwa miguu kutafuta gari la miwa.

Jumatatu, 1 Februari

Picha ya Salimu imetoka vizuri. Macho, pua, kovu la kidevuni. Ananitazama kutoka kwenye bakuli la dawa. Nimeianika, nikaigeuza kifudifudi.

Jumatano, 3 Februari

Sikufungua leo. Tumbo.

Si tumbo.

Ijumaa, 5 Februari

Nimekasirika na kila mtu. Na Mjerumani. Kwa nini mtu mzima aende na vitu vya thamani na asivitunze? Na meneja. Daftari gani lisilosahau? Na Salimu, anapangusa vitu vya watu mpaka anakariri rangi zake. Na Fundi na mawimbi yake. Nilikuwa mtu wa furaha mimi.

Mwanaidi kauliza nina nini. Nikamtania kuhusu mapishi yake. Hakucheka. Akaendelea kunitazama.

Jumamosi, 6 Februari

Idi. Baada ya swala watu walipanga foleni mpaka kwa muuza mafuta. Kanzu zimepigwa pasi, watoto wamepakwa wanja, akina mama na leso za jozi mpya. Kila mwaka hivi hivi. Idi bila picha hawaihesabu. Nimewageuza wote jua likiwa mgongoni kwangu, wakawa wanakodoa macho na kulalamika. Nikapiga domo, nikawaambia leo jua lenyewe limekuja kuwatazama. Wakacheka. Mimi hodari wa hayo.

Msikitini Salimu alikuwa safu ya mbele yangu. Tulipomaliza akageuka, akanikumbatia, akasema tusameheane. Kila mtu humwambia kila mtu hivyo siku ya Idi. Nikasema tusameheane.

Sijala pilau. Mwanaidi kaniwekea, nikalitazama.

Jumapili, 7 Februari

Nimekaa nayo mapajani tangu alfajiri. Nimejaribu kuitazama lenzi kwa ubavu, nione kama imebaki zambarau hata kidogo. Pembezoni kabisa, kama ukucha. Hapo katikati najiona mwenyewe, uso mzima, na dirisha nyuma yangu. Zamani sikuwa najiona.

Kesho asubuhi kuna gari la Diani.

Jumatatu, 8 Februari

Nimerudi. Mwanaidi analala chumba cha mama yake. Nilimweleza kabla ya kwenda, nikasimama uani, sikutania.

Meneja aliichukua kamera, akaigeuza. Kuna namba imechorwa chini. Akafungua daftari, akaweka kidole kwenye namba, akaweka kingine kwenye kamera. Ni hiyohiyo. Nimesugua lenzi saa nzima na namba ilikuwa chini muda wote. Halafu akaitazama kwa mbele, akauliza ni nani aliyeiharibu hivi. Nikasema mimi. Atamwandikia mwenye mali Ujerumani, na polisi wataambiwa. Niripoti kwake Alhamisi. Nikasema nitakuja. Nikamwomba kwanza aandike barua ya Salimu. Akaiandika, nikangoja nimesimama. Akafuta jina pembeni kwa wino mwekundu.

Nikashukia Ramisi. Salimu alikuwa kambini, ananoa panga. Nikampa barua na picha zake mbili. Akaisoma. Akarudi juu, akaisoma tena. Nikamwambia kamera ilikuwa wapi na nani alikuwa nayo.

"Siku ile uliponipiga, ilikuwa hiyo?"

"Ndiyo."

"Na ya pili?"

"Ndiyo, Salimu."

Akaikunja barua, akaitia mfukoni. Picha akazitazama kidogo, akazitia pia. Akasema kesho lazima aamke mapema, panga analirudisha kwa mnyapara. Hakunipa mkono. Alivuka mfereji, akaingia kibandani, akarudishia mlango taratibu.

Jioni hii nimefagia chumba changu cha picha. Kimebaki shuka, bakuli na kiti.

Hakuna aliyenivisha kitu shingoni. Mjerumani aliisahau barazani juu ya meza ya chai, nikaifunika kwa taulo, nikapita nayo jikoni. Walipomtaja Salimu nilikuwa pale, nimeshika sinia. Nikanyamaza. Sikuwa na bahati yoyote. Niliiba.