Gari Halikukubeba

Ndirangu, rafiki yangu,

Kuna jambo ambalo watu wa Wamagana wamelizungumza sana tangu tulipokuzika, na ni afadhali ulisikie kutoka kwangu. Gari letu la wagonjwa halikukuleta nyumbani. Ulitoka mochari mjini kwa pikapu ya kukodi, iliyozoea kubeba nyanya kutoka Kagio. Aliyeamua hivyo ni mimi.

Kamati ya gari ilikutana kwenye kituo cha kupokelea majani chai, na wote walikuwa na neno moja: "Hiyo gari ni yake. Ameiendesha bila mshahara mpaka moyo ukakataa. Ati leo aende na pikapu?" Niliwakumbusha kwamba kanuni ilikuwa yako. Kila familia iliyotuomba gari la kuleta jeneza uliijibu vivyo hivyo: gari hili halibebi maiti, kwa sababu mgonjwa akiliona mlangoni pake baada ya kumpeleka jirani kaburini, hatapanda.

Mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, wewe ni mtu wa Vihiga, si wa hapa. Utatufundisha kuzika mtu wetu?" Nilitoka nikaenda kukodi pikapu mwenyewe.

Nilipanda nyuma ya pikapu pamoja nawe na kulishika jeneza kwenye kona. Sikulia. Nilikuwa nikiangalia kama kamba zimefungwa sawasawa. Mkeo alinipa mkono bila kunitazama, na tangu siku ile, kila tulipokutana sokoni, alinisalimu kama anayemsalimu chifu.

Sasa dereva ni Muthoni, yule muuguzi aliyestaafu. Anaendesha vizuri kuliko wewe, hasa kwenye matope. Simu bado napokea mimi. Wakati mwingine nakumbuka siku ile mtu alipopiga akasema, "Mgonjwa iko hapa," nami nikamwambia aseme "yuko". Ulininyang'anya simu. "Mwarimu," ulisema, "huyu haumwi na ngeli!" Uliniita Mwarimu miaka yote hiyo, na nilikuwa nimekwisha kukata tamaa ya kukurekebisha. Hakuna anayeniita hivyo sasa kwa sauti kama yako.

Wiki iliyopita tuliitwa kwa shosho mmoja, bibi kizee anayeishi karibu na mto. Alikuwa akipumua kwa shida, na wanawe walikuwa wamembembeleza tangu asubuhi akubali kwenda hospitali. Alisema gari la wagonjwa humpeleka mtu lakini halimrudishi. Tulimkuta ameketi kitandani, ameushika ubao wa kitanda kwa mikono miwili.

Akauliza, "Hii ndiyo ile gari ilikataa kubeba Ndirangu?"

Muthoni alinitazama. Nilidhani sasa hatapanda kabisa. Nikamjibu kwamba ndilo.

"Hata yeye mwenyewe?"

"Hata yeye."

Akauachilia ubao. "Basi nipeni sweta yangu."

Amekwisha kurudi nyumbani. Analalamika kwamba uji wa hospitali haukuwa na sukari, na habari ya sweta ameisimulia kijiji kizima. Ilimfikia mkeo pia. Jumapili, watu walipokuwa wakitoka kanisani, alinijia mbele ya wanakamati wote, akasema, "Mwalimu, kuja unywe chai." Kwa Kiswahili sahihi husemwa "njoo". Alisema "kuja", nami nikaenda. Tulikunywa vikombe viwili kila mmoja bila kukutaja, na nilipoondoka alinifungia viazi vitamu vya kumpelekea mke wangu.

Sijui kama ungekubaliana nami siku ile ya kamati. Ulikuwa mtu wa kanuni, lakini kanuni ni rahisi inapowahusu wengine, na hukuwahi kuniambia nifanye nini ikikuhusu wewe. Niliamua peke yangu. Nilikuwa na hofu, Ndirangu. Sasa sina.

Kwaheri, ndugu yangu. Nakuahidi kwamba gari hili litawabeba walio hai tu, muda wote nitakaokuwa na sauti katika kamati. Muthoni na mke wangu nimekwisha kuwaeleza: siku yangu ikifika, nitafutiwe pikapu.