Mgomba wa Wabwire

Jumanne, 3 Juni

Wiki ya kwanza ya misheni. Wanafunzi tisa wa chuo, na mtaa mzima wa Huruma wa kuokoa! Nyumba kwa nyumba, ghorofa kwa ghorofa. Magoti yananiuma na si kwa kuomba. Gordon, kiongozi wetu, hachoki. Yuko mwaka wa nne, na kila mlango ana neno: Bwana ananionyesha hiki, Bwana ananiambia kile. Wenzangu nao wameanza. Mimi bado. Nafunga macho, nangoja, nasikia majirani wakisonga ugali.

Leo tuliingia kwa Mama Wabwire, ghorofa ya tano. Mtu wa Busia, anauza omena, dagaa wa ziwani. Mwanawe, Wabwire, fundi wa mbao pale soko la Gikomba, alitoka kwenda kazini siku ya ile mvua kubwa ya Aprili. Hajaonekana tena. Wamezunguka polisi, hospitali, mochari — hakuna. Picha yake iko ukutani, penseli nyuma ya sikio, anacheka.

Tukashikana mikono. Gordon akaninong'oneza: Sista Kasiva, kuna neno? Mama analia bila sauti. Wote wananingoja mimi. Nikasema, "Mama, Bwana anasema mwanao yu hai. Atarudi."

Alipiga kigelegele! Alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Kwenye ngazi Gordon akasema nina karama. Nilifurahi. Hiki ni kitabu changu mwenyewe, sina wa kumdanganya — nilifurahi sana.

Alhamisi, 5 Juni

Nilikuwa naosha vyombo hapa mtaa wa Jericho kwa Shangazi Mbithe, ninakokaa. Nikajiuliza, sauti ile ilikuwa ya nani? Nikajaribu kuikumbuka. Hakukuwa na sauti. Kulikuwa na aibu tu, ya kuwa mimi peke yangu sina neno.

Shangazi akauliza mbona nimetulia kama maji mtungini. Nikasema nimechoka.

Jumapili, 8 Juni

Mama Wabwire kanisani! Amevaa kitenge kipya. Akaomba maikrofoni, akatoa ushuhuda. Akanisimamisha mbele ya watu wote. Alisema sasa kila jioni anampakulia mwanawe, anafunika sahani, kwa sababu Bwana hasemi uongo. Watu wakapiga makofi. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Nyuma kabisa alikaa Triza, mke wa Wabwire, na mtoto mgongoni. Hakupiga makofi.

Jumatano, 11 Juni

Nilienda Gikomba kutafuta sketi ndefu ya misheni. Nimeinama kwenye lundo la mitumba, nikainua macho — yeye! Penseli nyuma ya sikio. Mabega yale yale ya kwenye picha. Nikatupa sketi, nikamfuata. Nikapishana na mikokoteni, nikatukanwa, nikafika kwa maseremala. Nikamshika mkono.

Akageuka. Mzee wa miaka hamsini, meno mawili hayapo. "Niaje, msupa? Unataka kitanda?"

Nililia njia nzima. Siku nane tu na mimi mwenyewe nimeanza kumngoja Wabwire. Hata sasa, mtu akibisha mlango wa Shangazi moyo unaruka. Na kila nikifunga macho kuomba nasikia "atarudi, atarudi," na ni sauti yangu.

Jumatatu, 16 Juni

Triza alinivizia langoni mwa kanisa. Alikuwa hana hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Alinieleza jambo ambalo sisi Wakamba wa kwetu hatulijui. Huko kwao, mtu akipotea na mwili usipatikane, wazee hukata mgomba, wakauvika nguo zake, wakauzika kaburini badala yake. Watu wanalia, wananyoa nywele, basi. Aliyekufa anatulia, na walio hai nao wanatulia. Mzee Patrobas, baba mdogo wa Wabwire, amesema imetosha. Atakuja Jumamosi na wazee wawili kumchukua Mama na nguo. Na Mama amekataa kabisa. Anasema huwezi kumzika mtu ambaye Mungu amesema yu hai.

"Sista, mimi niko na miaka ishirini na sita," akasema. "Siwezi kuitwa mjane na siwezi kuitwa bibi ya mtu. Mtoto akiniuliza baba ako wapi, nimwambie nini? Wewe uliongea na Mungu. Muulize, ni lini?"

Nikasema nitaomba. Nitaomba! Mungu anisamehe.

Jumanne, 17 Juni

Nimemwambia Gordon. Nilitunga, nikasema. Hakuna neno, hakukuwa na neno.

Hakushtuka hata kidogo. Alisema Shetani ndivyo anavyokuja, neno likishatoka analeta shaka. Tena mila ya mgomba ni giza, na huenda Mungu ameniweka pale niizuie. Akaniwekea mkono kichwani, akakemea roho ya shaka. Wenzangu wakasema amina.

Nimeungama dhambi, nikaombewa niiendeleze!

Na linalonitisha zaidi ni hili: kwa dakika mbili nilimwamini.

Alhamisi, 19 Juni

Nilipanda ngazi peke yangu. Mama Wabwire alikuwa anachambua omena kwenye sinia. Nikakaa chini, nikamwambia yote. Kwamba sikusikia kitu. Kwamba niliona aibu. Kwamba nimemdanganya kwa jina la Mungu.

Hakuinua macho. "Najua," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Nimezaa sita, mwanangu. Mtoto akidanganya namjua. Siku ile ulikuwa unatetemeka. Lakini wote waliopanda hizi ngazi walikuja na pole. Pole Mama, pole Mama. Wewe peke yako ulikuja na mtoto wangu."

Nikalia. Akaendelea kuchambua.

"Jumamosi uje. Useme vile ulisema. Usiwaache wanizikie mtoto kama bado anatembea mahali."

"Mama, ni uongo."

"Umeona mwili wake?"

"Hapana."

"Basi hujui kama ni uongo."

Nikavuta sinia, nikaanza kuchambua naye.

Jumamosi, 21 Juni

Saa nne asubuhi, chumbani kwa Mama Wabwire. Sebuleni kuna wazee watatu na chai. Mimi nimeomba dakika tano.

Mzee Patrobas si mkali kama nilivyotarajia. Mpole, kofia mkononi, macho mekundu. Alimbeba Wabwire akiwa mchanga, alisema. Alisema hawezi kushindana na Mungu, wala hataki. Ataniuliza mara moja tu, na nitakavyojibu ndivyo itakavyokuwa. Nikisema Bwana amenena, watarudi Busia bila nguo na jambo hili halitazungumzwa tena mpaka Wabwire arudi. Nikisema hapana, wanaondoka leo na Mama, mgomba unazikwa Jumatatu.

Gordon amenitumia meseji: Simama imara, Sista. Nimeifuta.

Shati la Wabwire lilikuwa hapa kitandani, Triza amelikunja vizuri. Mama akaingia, akalitundika tena msumarini. Akatoka. Triza akaingia, akalishusha, akalikunja upya. Hawajasemeshana. Sasa Triza ameketi nalo mapajani, mtoto amelala mgongoni.

Nikisema ndiyo, huyu Triza nimemzika akiwa hai. Nikisema hapana — Mama alinishika mkono mlangoni akaniambia polepole, "Ukikataa, ni wewe utakuwa umemuua. Si mvua."

Mzee anaita. "Binti, tuko tayari."

Namsikia Mama akinijibia, sauti tamu kabisa: "Mngojeni kidogo. Anaongea na Mungu."

Siongei na mtu. Naandika tu. Triza ananitazama, na anaona kalamu.