Mstari wa Ndugu wa Karibu

Mpwapwa, Jumapili baada ya ibada

Kaka yangu Mwakio,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu ugomvi hauondoi ukubwa wako. Shemeji hajambo? Kile kifua chake kimepata nafuu, au bado anapikia ndani ya moshi? Huko Wundanyi najua ukungu haujaondoka. Huku jua linawaka na vumbi limeingia hadi kwenye sukari. Mimi ni mzima, ila mguu.

Juzi uliponipigia simu, si mtandao uliokatika. Nilikata mimi. Ulikuwa unafoka, nami nikaona nitakujibu neno ambalo mdogo hamwambii mkubwa. Kwenye barua huwezi kunikatiza, kwa hiyo kaa chini usome yote.

Umesema ni aibu nivunjike mguu, wewe uje kujua baada ya wiki tatu. Umesema nimezeeka nikiosha watu baki na sasa watu baki wananiosha mimi. Umesema mvua zikiisha utakuja na gari la mwanao unichukue, kwa kuwa chumba kiko tayari na huku sina mtu. Hayo mengine nimeyameza. Hilo la kwamba sina mtu limenikwama kooni.

Ilikuwa hivi. Mbuzi wa jirani aliingia kwenye mchicha wangu, nami nikasahau kwamba nimestaafu, nikamkimbiza. Nikajikwaa kwenye jembe nililoliacha mwenyewe. Mfupa ukalia chini ya goti, na kwa miaka niliyofanya uuguzi sikuhitaji daktari wa kuniambia. Mbuzi aliendelea kula.

Aliyenipeleka hospitali ni Debora. Humjui. Ni fundi cherehani hapa, na yeye ndiye mtoto wa kwanza niliyempokea akizaliwa katika nchi hii. Mapokezini karani akamuuliza ni nani yangu. Akasema ni mtoto wangu. Karani akatazama jina langu, akatazama lake, akauliza mbona hayafanani, tena mgonjwa anaongea kama Mkenya. Debora hakupandisha sauti.

"Andika," alisema. "Yeye alipoandika jina lake kwenye fomu ya mama yangu hakuuliza kama yanafanana."

Kaka, nililia pale juu ya machela, na haukuwa mguu ulioniliza.

Unakumbuka nilikuja kwa miaka miwili tu, kanisa limeniazima kwa zahanati ya kijiji. Miezi ya kwanza wenyeji walinicheka. Wakinisalimu "mbukwa" nilikuwa nakodoa macho tu, na nikitaka maji nilisema "nipe maji" kama askari, mpaka bibi mmoja akanifundisha kwamba hapa watu huomba. Ndipo akaja yule binti, mama yake Debora. Alikuwa kibarua wa kuchuma zabibu Makutupora. Mwanamume alikuwa ameshamkimbia, kwao wameshamfungia mlango, na uchungu umeshamshika. Kwenye fomu kuna mstari wa ndugu wa karibu, yaani mtu wa kuitwa mambo yakiharibika. Akaniambia, "Weka hana, sista."

Mkono uligoma. Nikaandika jina langu. Mkuu wangu wa zahanati alinigombeza kwamba natia uongo kwenye karatasi za serikali. Nikamjibu kwamba utakuwa uongo siku nitakayoitwa nisiitike.

Tangu hapo sijawahi kuandika "hana" kwenye mstari ule. Wachunga ng'ombe waliotoka mbali, mabibi waliosingiziwa uchawi, vibarua wasio na kwao, wote niliwawekea jina langu. Na nilipoitwa nilikwenda.

Sasa tuliseme lile ambalo hujawahi kunisamehe. Siku ya mazishi ya mama, hapa kulikuwa na mzazi anayetokwa damu. Mwenzangu wa zamu alikuwa likizo, na jina kwenye fomu ya yule mwanamke lilikuwa langu. Ulisema nilichagua wageni nikamwacha mama. Ndiyo, nilichagua. Nimemlilia mama miaka yote hii, na siku ile ikirudi nitafanya vilevile. Usiniulize tena.

Hao unaowaita watu baki wamegawana siku. Debora ananiogesha, na ana mkono mwepesi kuliko wanafunzi wote wa uuguzi niliowahi kuwafundisha. Mama yake analeta ugali wa uwele na mlenda, anasimama mlangoni kuhakikisha nimemaliza. Jirani mwenye mbuzi alikuja na kichwa chini kuomba radhi, na kesho yake akamchinja mbuzi huyo. Mchuzi nimekunywa mimi. Sijasikia aibu hata kidogo.

Kwa hiyo, kaka, chumba kipangishe. Na pale mlipoacha nafasi kando ya kaburi la mama kwa ajili yangu, pandeni migomba. Nitazikwa huku kwenye vumbi langu. Gari lije, lakini lije na mgeni. Utalala kwangu, utaonyeshwa watu wangu mmoja mmoja, na ukirudi, kiti ulichonitengea garini kitabeba karanga na zabibu.

Nisalimie shemeji, na mwanao dereva, umwambie asikimbize gari. Msalimie shangazi yetu mkubwa na umwambie bado nafunga kitambaa alichonipa. Mjukuu wako aliyesema anataka kuwa nesi mwambie aje nimtishe kwanza.

Jambo la mwisho. Jana nilirudi hospitali kuangaliwa mguu, karani akanipa fomu nyingine, na safari hii nilijaza mwenyewe. Kwenye mstari wa ndugu wa karibu nimeandika majina mawili. La kwanza ni Debora. La pili ni lako, na namba yako ya simu. Ukiona vibaya kuwa wa pili, ujue kuna kijiji kizima nyuma yako kwenye foleni hiyo.

Ni mimi mdogo wako asiyesikia,
Wakesho