Moyo Niliouhesabu

Kitale, 14/5/2006

Mama mpendwa,

Mulembe. Sisi hapa ni wazima. Natumai miguu imepunguza kukusumbua na wale kuku wako wakorofi hawajakumalizia mboga.

Mama, juzi nilizalisha Emmy, msichana wa Kipsongo. Mtoto alitoka amelegea, rangi imemtoka, halii. Daktari Gathii akawa anampa hewa kwa mpira, mimi nikashika kitovu nihesabu mapigo. Nilishika kwa kidole gumba, vile ulivyonifundisha. Nikasema, "Mia na ishirini!" Daktari akasema, "Basi moyo uko sawa, tusimbonyeze kifua."

Baadaye akaweka stethoskopu. Kimya; mtoto alikuwa ameshaenda. Akaniuliza nilitumia kidole kipi. Kumbe gumba lina mapigo yake, Mama. Nilikuwa nahesabu moyo wangu mwenyewe, na ulikuwa unakimbia kwa woga.

Emmy hajui. Nimwambie?

Mwanao,
Nelima

Bokoli, 2/7/2006

Nelima mwanangu,

Mulembe. Miguu ni ile ile. Nisamehe kuchelewa, kalamu nimeishika mara tatu nikaiweka chini.

Mwambie Emmy. Mimi pia nina la kukuambia. Siku niliyokuzalisha mtoto wako wa kwanza, yule tuliyemzika kando ya migomba, Wanjala mume wako alikuwa ameshatoa baiskeli tukimbie hospitali ya Lugulu. Mimi ndiye niliyemzuia. Nikamwambia, "Ati Lugulu ya nini, si moyo unapiga?" Nilikuwa nimeshika kitovu kwa gumba.

Miaka yote hii ukisema ni mapenzi ya Mungu, nimekuwa nikiitikia amina. Sikujua, mwanangu. Nimejua kwa barua yako.

Mimi mamako,
Bilha

Kitale, 19/11/2006

Mama,

Mulembe. Tu wazima, natumai nawe pia.

Nilienda Kipsongo. Emmy alinisikiliza mpaka mwisho huku akifua nguo. Akasema, "Asante kwa kuniambia, sista. Sasa nenda." Nikaenda.

Wanjala sijamwambia kitu. Barua yako iko chini ya godoro, upande wangu. Nilikuwa nangoja nikusamehe kwanza ndipo nikujibu, nikaona miezi inapita na wewe huko unashtuka kila ukisikia hodi. Kwa hivyo nimeandika kabla.

Bado sijakusamehe, Mama. Krismasi nitakuja.

Mwanao,
Nelima